Idadi, Jamii na Mazingira: Uhakiki wa Istilahi Tatu za Ikolojia katika Ufundishaji wa Biolojia Shuleni

1.0 Utangulizi

Sentensi "furu wameongezeka ziwani" ni sahihi kisarufi, na mvuvi wa Mwanza anayeitamka anaweza kuwa anaeleza alichokiona wavuni mwake. Kwa mwanafunzi wa biolojia, hata hivyo, sentensi hiyo haitoshi. Furu si spishi moja. Ni jina la jumla la mamia ya spishi za samaki wadogo wa Ziwa Victoria, na nyingi kati ya hizo zilitoweka au kuadimika sana katika miaka ya 1980. Kwa hiyo, inawezekana furu wakaongezeka kwa hesabu ilhali spishi zilizopotea hazijarudi hata moja. Mwanafunzi atakayeona tofauti kati ya kauli hizo mbili ameelewa msingi wa ikolojia. Asiyeiona atajibu maswali ya mtihani kwa kukariri, na baadaye, akiwa mvuvi, ofisa au mpiga kura, atadhani ziwa limepona kwa sababu ndoo imejaa.

Makala hii inahakiki istilahi tatu ambazo Kiswahili cha darasani hutumia kubeba dhana tatu za ngazi za ikolojia, yaani kundi la viumbe wa spishi moja, mkusanyiko wa spishi mbalimbali mahali pamoja, na umoja wa viumbe hao na vitu visivyo na uhai vinavyowazunguka. Istilahi hizo ni "idadi", "jamii" na "mazingira". Hoja kuu ni kwamba udhaifu wa istilahi hizi hautokani na uhaba wa msamiati wa Kiswahili. Unatokana na maana ambazo maneno hayo yanazo tayari, maana zilizojengwa juu ya binadamu, ambazo huingia darasani pamoja na mwanafunzi kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Suala hili lina uzito wa pekee nchini Tanzania. Katika shule za msingi za umma, sayansi hufundishwa kwa Kiswahili. Katika sekondari, Biolojia hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hukutana na dhana za ikolojia katika lugha mpya, lakini huzitafsiri kimoyomoyo kwa maneno aliyoyazoea. Kama maneno hayo yanapotosha, upotoshaji huo humfuata katika lugha ya pili bila kuonekana. Mwalimu husahihisha Kiingereza cha mwanafunzi, ilhali kosa limo katika Kiswahili chake.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki huu unaongozwa na misingi miwili. Msingi wa kwanza ni ule wa nadharia ya jumla ya istilahi inayohusishwa na mwanaistilahi wa Austria, Eugen Wüster, kwamba dhana moja iwe na istilahi moja, na istilahi moja isimamie dhana moja. Msingi wa pili ni vigezo vya uundaji wa istilahi vilivyopendekezwa na Kiingi mwaka 1989, ambavyo hujulikana kwa ufupisho PEGITOSCA. Katika vigezo hivyo, vitatu vinatumika zaidi hapa: usahihi, uangavu na uzalishi. Istilahi sahihi huonesha mipaka ya dhana. Istilahi angavu humwezesha msomaji kukisia dhana kutokana na umbo la neno. Istilahi zalishi huruhusu maneno mengine kujengwa juu yake.

Ni muhimu kutambua mapema kwamba vigezo hivi vinaweza kugongana. Neno likiwa angavu mno, yaani likiwa limezoeleka sana katika maisha ya kila siku, linaweza kupoteza usahihi, kwa kuwa mwanafunzi huona maana ya nyumbani na kuridhika nayo. Mgongano huo ndio unaojitokeza katika istilahi zote tatu zinazohakikiwa. Kazi za awali za usanifishaji, ikiwamo kamusi sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ziliweka msingi mkubwa kwa kuyapatia masomo ya sayansi msamiati wa pamoja. Hata hivyo, kuwapo kwa neno katika kamusi ni jambo moja, na jinsi neno hilo linavyofanya kazi akilini mwa mwanafunzi ni jambo jingine. Makala hii inashughulikia jambo la pili.

3.0 "Idadi": Sifa Iliyogeuzwa Kuwa Kitu

Katika ikolojia, ngazi ya kwanza juu ya kiumbe mmoja ni kundi la viumbe wa spishi moja wanaoishi eneo moja kwa wakati mmoja na wanaoweza kuzaliana. Kiswahili cha kawaida hukaribia dhana hii kwa neno "idadi", hasa kupitia fungu la maneno "idadi ya watu". Mazoea haya yana chimbuko linaloeleweka. Raia hukutana na dhana hii kwanza katika sensa. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, na tarakimu hiyo ndiyo iliyobaki vinywani mwa wengi. Neno "makazi" katika jina la sensa lilimaanisha majengo. Darasani, neno hilohilo hutumika kumaanisha mahali kiumbe anapoishi kiasili, pasipo jengo lolote.

Kasoro ya "idadi" ni kwamba neno hili hutaja sifa moja ya kundi, si kundi lenyewe. Idadi haizaliwi, haifi, haihami na haina wazee na watoto. Kundi ndilo lenye mambo hayo yote. Mwalimu anayetumia "idadi" kwa dhana nzima hujikuta akisema "idadi ya idadi" anapotaka kuzungumzia hesabu, au huacha kabisa kuzungumzia kasi ya kuzaliana, vifo, uhamaji, msongamano na mgawanyo wa umri, kwa kuwa neno alilonalo halina nafasi ya kuvipokea.

Nyumbu wa Serengeti wanaonesha hasara hiyo vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hesabu zilionesha nyumbu takribani 250,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya milioni 1. Mwanafunzi aliyefundishwa "idadi" ataandika tarakimu hizo mbili na kuhitimisha kwamba idadi iliongezeka. Jibu lake si kosa, lakini halielezi chochote. Maelezo yamo katika kundi. Ugonjwa wa sotoka, ulioingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, ulikuwa ukiua ndama wa nyumbu mwaka hata mwaka. Ng'ombe wa maeneo jirani walipochanjwa, ugonjwa ulitoweka pia kwa nyumbu, ingawa nyumbu wenyewe hawakuchanjwa. Ndama wengi zaidi waliishi kupita mwaka wao wa kwanza, nalo kundi likakua. Baadaye ukuaji ulipungua kasi kwa sababu nyasi za kiangazi hazikutosha kulisha kundi kubwa zaidi. Kuzaliwa, kufa, umri, ugonjwa na chakula vyote ni mambo ya kundi. Tarakimu ni matokeo yake tu.

Inafaa kuongeza kwamba "kundi" peke yake nalo lina upungufu. Katika Kiswahili cha kila siku, kundi la nyumbu ni wale wanaoonekana pamoja kwa jicho mbugani. Kundi la kiikolojia linaweza kuwa na maelfu ya makundi ya namna hiyo, na linaweza kuwa la viumbe wasiokusanyika kamwe, kama vile chui. Kwa sababu hiyo, neno linahitaji kuwekewa mpaka. Suala hilo linajadiliwa katika sehemu ya saba.

4.0 "Jamii": Neno Lenye Maana Mbili Zinazopingana

Ngazi ya pili ni mkusanyiko wa makundi ya spishi tofauti yanayoishi eneo moja na kuathiriana. Istilahi inayotumika zaidi ni "jamii". Kwa mtazamo wa haraka neno hili linafaa, kwa kuwa jamii ya watu huishi pamoja na kutegemeana. Tatizo ni kwamba Kiswahili kina matumizi mengine ya neno hili ambayo yameenea sana katika maelezo ya wanyama na mimea. Simba, chui na duma husemwa kuwa ni "wanyama wa jamii ya paka". Maharage na kunde ni "mimea ya jamii ya mikunde". Katika matumizi haya, jamii ni undugu wa nasaba.

Maana hizo mbili hazitofautiani tu, bali zinapingana. Katika maana ya nasaba, wanajamii ni wale wanaofanana kwa asili, hata kama mmoja anaishi Serengeti na mwingine anaishi katika misitu ya Amerika ya Kusini. Katika maana ya ikolojia, wanajamii ni wale wanaoishi mahali pamoja, hata kama mmoja ni samaki, mwingine ni mwani na mwingine ni bakteria. Maana ya kwanza hutafuta undugu bila kujali mahali. Maana ya pili hutafuta mahali bila kujali undugu. Mwanafunzi anayeulizwa kutaja "viumbe wa jamii moja na sangara" ana njia mbili za kujibu, na kila njia inamwongoza kwenye orodha isiyohusiana na nyingine. Msingi wa Wüster umevunjwa hapa moja kwa moja, kwa kuwa istilahi moja inasimamia dhana mbili ndani ya somo moja, pengine ndani ya kipindi kimoja.

Historia ya sayansi inaonesha kwamba tatizo hili si la Kiswahili peke yake. Mwaka 1877, mwanazuolojia wa Kijerumani Karl Möbius alichapisha kazi yake kuhusu chaza wa pwani ya kaskazini mwa Ujerumani, waliokuwa wakipungua kwa kuvuliwa kupita kiasi. Aliona kwamba chaza hawakuweza kuelezwa peke yao. Walipoondolewa, viumbe wengine wa magamba walichukua nafasi yao, na chaza hawakurudi kwa urahisi. Möbius alieleza kwamba sayansi haikuwa na neno la kutaja umoja wa namna hiyo, naye akaunda neno jipya kutokana na mizizi ya Kigiriki. Kijerumani kilikuwa na neno lake la kawaida la jamii, lakini aliona halitoshi. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba dhana hii ilizaliwa katika suala la uvuvi, na kwamba aliyeizaa aliona haja ya kuitenga na msamiati wa mahusiano ya watu.

5.0 Upatanisho wa Kisarufi na Nafasi ya Mimea

Upotoshaji hauishii kwenye msamiati, kwani sarufi nayo inachangia. Katika Kiswahili, nomino za wanyama hupatana na vitenzi kwa viambishi vya ngeli ya A-WA, bila kujali umbo la nomino: samaki wanaogelea, vipepeo wanaruka. Mimea haimo katika utaratibu huu. Mti unaota, nyasi zinakauka, magugu maji yanaelea. Kwa hiyo sarufi yenyewe hugawa viumbe hai katika pande mbili, na huweka mimea upande mmoja na mawe, maji na majengo.

Mgawanyo huo humwelemea mwandishi wa maelezo ya ikolojia kila anapounganisha pande hizo katika sentensi moja. Mathalani, katika kauli "mimea na wanyama ... kwa kutegemeana", mwandishi anaweza kuandika "wanaishi", "vinaishi" au kupatanisha kitenzi na nomino iliyo karibu. Akichagua "wanaishi", mimea imemezwa na wanyama. Akichagua "vinaishi", wanyama wameshushwa kuwa vitu. Nomino "viumbe" nayo huyumba kati ya "viumbe hai wote" na "viumbe hai vyote". Bakteria na kuvu huyumba zaidi, kwa kuwa wasemaji hawakubaliani kama ni wa kupatanishwa kama wanyama au kama vitu.

Athari ya kielimu ni rahisi kuikisia. Neno "jamii" katika akili ya msemaji hudai wanajamii, na mwanajamii ni nomino ya A-WA. Mtu, ng'ombe na hata nyuki hupita mtihani huo, lakini mwani haupiti. Matokeo yake ni kwamba mimea huhamishiwa kimyakimya kutoka katika jamii kwenda katika mazingira. Inageuka kuwa pambo la jukwaa ambalo juu yake wanyama hucheza mchezo. Mwanafunzi huchora simba, swala na nyasi, kisha huzihesabu nyasi kuwa sehemu ya "mahali".

Hata hivyo, Kiswahili hichohicho kimetoa dawa katika sehemu nyingine ya somo. Istilahi "mzalishaji" na "mlaji", zinazotumika katika mnyororo wa chakula, zote ni nomino za mtendaji za ngeli ya kwanza. Mti ukiitwa mzalishaji, unapata ghafla hadhi ya kisarufi ambayo neno "mti" haliwezi kuupa: mzalishaji anatengeneza chakula, mzalishaji analiwa, mzalishaji anakufa na kuoza. Istilahi hiyo inafaulu kwa sababu inataja kazi badala ya umbo. Hapa pana funzo kwa uundaji wa istilahi za ikolojia kwa ujumla. Pale sarufi inapogawa viumbe kwa maumbile, istilahi inaweza kuviunganisha upya kwa kazi.

6.0 "Mazingira": Duara Lenye Mtu Katikati

Ngazi ya tatu ni umoja wa viumbe wote wa mahali fulani pamoja na maji, udongo, hewa, mwanga na virutubisho, ukitazamwa kwa jinsi nishati inavyopita na maada inavyozunguka ndani yake. Istilahi "mfumoikolojia" imeshaingia katika maandishi ya kitaaluma. Katika mazungumzo ya darasani na katika kampeni za umma, hata hivyo, kazi yake hufanywa na "mazingira". Neno hili limejengwa juu ya kitenzi "zingira". Mazingira ni vinavyozingira. Kinachozingirwa hakitajwi, lakini lazima kiwepo, na katika matumizi ya kawaida ni binadamu. Ndiyo maana "kutunza mazingira" hueleweka kuwa kufagia, kupanda miti na kuzuia taka, yaani kutunza kilicho nje ya mtu kwa faida ya mtu. Hakuna kosa katika shughuli hizo. Kosa ni kudhani kwamba neno linalozitaja linaweza pia kutaja umoja usio na katikati.

Dhana ya mfumoikolojia ilianzishwa na Arthur Tansley wa Uingereza mwaka 1935, katika makala ya kupinga mawazo ya wenzake wawili, Frederic Clements wa Marekani na John Phillips wa Afrika Kusini. Phillips hakuwa mgeni katika ardhi ya Waswahili, kwa kuwa mwishoni mwa miaka ya 1920 alifanya kazi Tanganyika katika utafiti wa mbung'o, na aliandika kuhusu uoto wa Jimbo la Kati. Yeye na Clements waliuona mkusanyiko wa mimea na wanyama kama kiumbe kikubwa kimoja kinachokua kuelekea ukomavu. Tansley alipinga sitiari hiyo. Alipinga pia kuwaita mimea na wanyama wanajamii wa jamii moja, kwa hoja kwamba wanatofautiana mno kuweza kuwa na uanachama wa pamoja. Badala yake alipendekeza mfumo, ambamo viumbe na visivyo na uhai huathiriana pande zote mbili. Kwa maneno mengine, mjadala uliozaa dhana hii ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, mjadala wa istilahi, na mmoja wa washiriki wake alikuwa ameunda sehemu ya hoja zake kwa kutazama vichaka vya Tanganyika.

Ziwa Victoria linaonesha kwa nini tofauti kati ya "mazingira" na "mfumoikolojia" si ya kinadharia tu. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa takribani miongo miwili hakuonekana kuleta badiliko kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, furu walikadiriwa kuwa takribani asilimia 80 ya uzito wa samaki wa tabaka la chini la ziwa. Katikati ya miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden waliokuwa wakifanya kazi katika Ghuba ya Mwanza walishuhudia furu wakitoweka karibu kabisa katika maeneo waliyoyachunguza. Sangara aliongezeka, akala furu, kisha akageukia uduvi, dagaa na hata watoto wake mwenyewe. Dagaa nao waliongezeka.

Mpaka hapa, mwanafunzi anaweza kusimulia kisa kwa istilahi za ulaji pekee, yaani mla na mliwa. Lakini kisa hakiishii hapo. Katika kipindi hichohicho, virutubisho kutoka mashambani na kwenye makazi ya watu viliingia ziwani kwa wingi, mwani ukaongezeka, maji yakapoteza uwazi, na hewa ya oksijeni ikapungua katika kina. Furu wengi huchagua wenzi kwa rangi, na katika maji yenye ukungu rangi hazionekani vyema, hivyo spishi zilizo karibu zilianza kuzaliana pamoja na mipaka kati yao ikafifia. Furu wengi walikula mwani na mabaki yake chini ya maji, na kutoweka kwao kulibadili njia ambayo maada ilizunguka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 magugu maji nayo yalionekana ziwani. Nchi kavu haikusalimika. Furu na dagaa hukaushwa juani, lakini sangara ni mkubwa na ana mafuta mengi, hivyo huhitaji kubanikwa au kukaangwa, na kuni za kazi hiyo hutoka katika miti ya pwani ya ziwa. Udongo ulioachwa wazi huoshwa na mvua na kuingia majini.

Katika mlolongo huu, hakuna mahali pa kuchora mstari na kusema upande huu ni viumbe na upande ule ni mazingira yao. Maji yenye ukungu ni tokeo la mwani, nao mwani unahusiana na virutubisho na walaji wake. Mvuvi mwenye tanuri la kubanikia yumo ndani ya duara, hakuzingirwa nalo. "Mazingira" hushindwa kulibeba jambo hili kwa sababu ya umbo lake lenyewe.

Serengeti inathibitisha hoja hii kwa mwelekeo tofauti. Nyumbu walipoongezeka walikula nyasi nyingi zaidi. Nyasi zilizobaki zilikuwa chache mno kuwasha mioto mikubwa ya kiangazi, mioto ikapungua, na miti ikapata nafasi ya kukua. Chanjo ya ng'ombe iliishia kuongeza miti. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba miti ni mazingira ya nyumbu hawezi kuufuata mnyororo huo, kwa kuwa kwake mazingira ndiyo yanayoathiri kiumbe, si kinyume chake.

7.0 Mapendekezo na Mipaka Yake

Kwa ngazi ya kwanza, makala hii inapendekeza istilahi "kundispishi", yaani muungano wa nomino mbili kwa utaratibu uleule uliozaa "mfumoikolojia". Istilahi hii si angavu kama "idadi", lakini ni sahihi zaidi. Inataja kitu badala ya sifa, na inaweka mpaka wa spishi ndani ya neno lenyewe. "Idadi" hubaki na kazi yake halali: idadi ya kundispishi, msongamano wa kundispishi, ukuaji wa kundispishi. Zaidi ya hayo, istilahi hii ingemlazimisha mwanafunzi wa kandokando ya ziwa kuuliza swali la msingi kila anaposikia kwamba furu wameongezeka: ni kundispishi lipi?

Kwa ngazi ya pili, inapendekezwa "jumuiya" badala ya "jamii". Neno hili halina maana ya nasaba. Msemaji wa Afrika Mashariki analijua kupitia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo wanachama wake ni nchi tofauti zinazounganishwa na ujirani. Ufanano huo unafaa, kwa kuwa wanachama hubaki tofauti na eneo ndilo linalowaunganisha. Mipaka ya pendekezo hili lazima nayo itajwe. Jumuiya ya watu huundwa kwa hiari na huwa na lengo la pamoja. Furu hakutia saini mkataba wowote na sangara. Pingamizi la Tansley dhidi ya uanachama linabaki na nguvu hata baada ya neno kubadilishwa, na mwalimu hana budi kulitamka wazi.

Kwa ngazi ya tatu hakuna haja ya neno jipya. "Mfumoikolojia" lipo. Kinachohitajika ni nidhamu ya kutolibadilisha kwa "mazingira" ndani ya aya moja kana kwamba ni visawe. Wahariri wa vitabu vya kiada na watungaji wa mitihani wana wajibu mkubwa hapa kuliko waundaji wa istilahi.

Inaweza kupingwa kwamba walimu wazuri wamefundisha ikolojia kwa maneno yaliyopo na wanafunzi wao wamefaulu. Pingamizi hili ni la kweli, lakini linathibitisha ustadi wa walimu, halithibitishi ubora wa istilahi. Inaweza pia kupingwa kwamba kila lugha hutumia maneno ya kawaida kwa dhana za sayansi, na Kiingereza nacho huita mkusanyiko wa viumbe kwa neno linalotumika kwa jumuiya za watu. Tofauti ni kwamba Kiingereza hakilitumii neno hilohilo kwa nasaba ya paka. Mgongano unaojadiliwa hapa ni wa Kiswahili, na suluhisho lake litatoka katika Kiswahili.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba "idadi" hupunguza kundi hadi tarakimu, "jamii" huchanganya ujirani na undugu, na "mazingira" huweka mtazamaji katikati ya kile anachopaswa kujiona kuwa sehemu yake. Umeonesha pia kwamba upatanisho wa ngeli huisukuma mimea nje ya mkusanyiko wa viumbe, ingawa istilahi zinazotaja kazi, kama "mzalishaji", huirudisha.

Suala la furu linabaki kuwa kipimo kizuri. Tangu miaka ya 1990, baadhi ya spishi zimerejea kwa wingi katika Ghuba ya Mwanza, hasa wakati uvuvi ulipopunguza sangara wakubwa. Mojawapo, Haplochromis pyrrhocephalus, alirejea akiwa na matamvua makubwa zaidi na akila mawindo makubwa kuliko awali. Furu huyo ana jina lilelile kitaalamu na sokoni, lakini maisha yake ndani ya ziwa yamebadilika. Mvuvi aliyesema kwamba furu wameongezeka hakusema uongo. Ni juu ya shule kumpatia mtoto wake maneno ya kuuliza ni furu wepi, wanaishi na nani sasa, na katika maji ya namna gani.